Namna ya kulichambua picha la mapenzi la Kihindi bila ushabiki wala dharau (tunatumia DDLJ)

Ukiuliza watu hapa Dar picha fulani la Kihindi likoje utapata majibu mawili tu, "kali hiyo, utalia" au "aah upuuzi, mtu mmoja anapiga watu ishirini afu anaanza kuimba", na yote mawili hayamsaidii mtu anayetaka kujua kama atoe masaa matatu ya Jumapili yake au alale zake. Huu hapa ni utaratibu wa kulipima picha la mapenzi lenye nyimbo, uone wapi lina nguvu na wapi linapwaya, na uweze kulitetea au kulisema mbele ya mashangazi waliokulia kwenye picha za Jumapili enzi za majumba ya sinema ya Avalon na Empire pale mjini kati, maana hao huwezi kuwadanganya.

Tutafanyia zoezi Dilwale Dulhania Le Jayenge, wengi wanaandika DDLJ tu, kwa sababu karibu kila mtu ameiona au ameisikia. Ilitoka tarehe 20 Oktoba 1995, dairekta Aditya Chopra, ndio ilikuwa picha yake ya kwanza na alikuwa na miaka 24, mshua wake Yash Chopra ndio prodyuza. Shah Rukh Khan ni Raj, Kajol ni Simran, wote wamekulia London, wanakutana kwenye safari ya treni Ulaya, wanapendana, kumbe baba wa Simran alishamuahidi rafiki yake wa Punjab miaka mingi nyuma kwamba binti ataolewa na kijana wake. Raj anamfuata mpaka huko kijijini. Na kuanzia hapa namwaga stori yote kwahiyo kama hujaiona ishia hapa, katafute, urudi.

Kabla ya kuangalia hakikisha kopi yako nzima. Zile za kwenye flashi mara nyingi zimekatwa nyimbo ili faili liwe dogo, na ukiangalia picha la Kihindi lililokatwa nyimbo ujue hujaangalia hilo picha, umeangalia mabaki yake. DDLJ inazidi masaa matatu, kama kopi yako ni ya masaa mawili na nusu kuna mtu kakuibia. Alafu tumia maandishi ya chini, usianze na ile iliyotafsiriwa. Najua raha ya picha za kutafsiriwa, wengine tumekua na sauti ya Lufufu kichwani, lakini yule mtafsiri anaongeza vichekesho vyake, anampa steringi maneno ambayo hajasema, anampa adui jina la mtaani, kwahiyo ukilisifia hilo picha hujui unamsifia dairekta au mtafsiri. Iangalie ya kutafsiriwa baadae kwa ajili ya kucheka.

Mara ya kwanza iangalie bila kuandika chochote, lia kama unalia. Mara ya pili ndio unakaa na daftari.

Anza na nyimbo. Watu wengi wanazichukulia kama muda wa kwenda kuchukua soda, wakati kwenye picha la aina hii wimbo ndio sehemu ya kwanza ya kupima. Swali ni moja tu: ukiutoa huu wimbo, kuna kitu mtazamaji atakuwa hakijui? Kama jibu ni hapana, wimbo ni pambo, unaweza kuwa mtamu lakini ni pambo. Muziki wa DDLJ ni wa Jatin-Lalit, mashairi Anand Bakshi, na ukiupitia wimbo mmoja mmoja kwa swali hilo utaona kwanini picha imedumu.

Mere Khwabon Mein inakuja mapema, Simran anaimba kuhusu mtu anayemjia ndotoni na hamjui sura. Hapo Raj hajakutana nae kabisa. Kwahiyo tunajua huyu binti alikuwa na hamu yake mwenyewe kabla hajatokea mwanaume yeyote, na hilo litakuja kuwa muhimu sana, lishike. Sauti ni ya Lata Mangeshkar ambae wakati huo alishapita miaka 60, anamuimbia binti wa miaka 21, na hushtuki hata kidogo. Ho Gaya Hai Tujhko inakuja safari ya Ulaya ikiwa imeisha, Raj na Simran kila mmoja anamuona mwenzake kila kona, na hapo ndio tunajua wamependana, hakuna aliyetamka. Utoe huo wimbo uone, nusu nzima ya pili inakosa miguu, utauliza hawa wamependana saa ngapi?

Sasa njoo Mehndi Laga Ke Rakhna. Hapa ndio pa kukaa. Nyumba imejaa ndugu wa pande zote mbili, shughuli za harusi ya Simran na yule mwingine, na Raj anasimama katikati ya ukumbi anaimba kwamba bibie kaa na hina yako mkononi, machela ya bibi harusi iwe tayari, mpenzi wako anakuja kukuchukua. Ndugu wote wanapiga makofi wanaona kijana anachangamsha shughuli. Simran peke yake anasikia ahadi. Mtu wa pwani haitaji kuelezwa hiki kitu, ni mafumbo ya taarabu haya, unaimba mbele ya ukumbi mzima na mlengwa ni mmoja na anajijua, tena mwingine anaenda kutuza bila kujua anapigiwa yeye. Ndio maana picha hizi hazijawahi kuwa ngeni kwetu, na nyimbo kibao za taarabu zilichukua tuni huko huko. Kwenye daftari lako andika: wimbo huu unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, unachekesha, unasogeza stori, na unaweka hatari maana baba yupo pale pale anaangalia.

Zara Sa Jhoom Loon, ile ya Simran kalewa kwenye theluji, kwa swali letu inapita kwa shida. Inachekesha, Kajol ameachia mwili kweli, ila dakika mbili zingetosha. Ruk Ja O Dil Deewane nayo ni Raj anajionyesha tu. Tujhe Dekha To ya shamba la haradali yenyewe haihitaji mtu kuitetea, ila kuwa makini, umaarufu wa wimbo sio hoja. Hoja ni kwamba inakuja baada ya kutenganishwa, kwahiyo inatoa pumzi ambayo tulikuwa tumeibana.

Ukimaliza nyimbo mtafute adui wa kweli ni nani. Kwenye picha za ngumi adui unamjua kwa mavazi na kicheko. Kwenye mapenzi ukimkosea adui utaharibu uchambuzi wako wote. Hapa watu wanasema adui ni Kuljeet, yule mchumba. Hapana. Kuljeet ni kijana mpumbavu mwenye bunduki, basi. Anayezuia mambo ni Baldev, baba, ameigizwa na Amrish Puri, yule yule aliyekuwa Mogambo kwenye Mr. India mwaka 1987, na picha inatumia ile hofu yetu, ukiona yale macho unajua kazi ipo. Ila picha inaanza nae amesimama London analisha njiwa, anawaza kijiji chake, wimbo wa Ghar Aaja Pardesi unamwita arudi nyumbani. Ni mwenye duka aliyechoka ambae miaka yote anaishi mahali asipopapenda. Ukishaona hivyo huwezi kumchukia kirahisi, unaelewa kwanini ile ahadi kwa rafiki yake ni kitu kikubwa kwake, ndio kamba pekee iliyobaki inayomfunga na kwao. Hii ni nguvu ya picha, iandike juu kabisa: mtu anayewazuia wapenzi ana sababu, na sababu yake inaumiza.

(Hapa pembeni kidogo. Kuna watu wanasema picha hii iliwashika Wahindi wa nje kwa sababu inawahusu wao. Ni kweli, maana kwenye picha nyingi za nyuma aliyekulia Ulaya alikuwa ndio mharibifu, na hapa kijana wa London ndio anageuka kuwa mwenye adabu kuliko wa kijijini. Lakini Wahindi wetu wa Upanga na Kisutu wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, sio Punjab, na Waswahili tuliokuwa tunaiangalia nao hatukuwa na shamba la haradali popote, na bado tulilia. Kwahiyo hiyo sababu haitoshi.)

Sasa sehemu ngumu, na ndio watu wanapogombana. Mama wa Simran, Farida Jalal, anawapa vito vyake usiku anawaambia kimbieni. Kwa mila za picha hizi hapo wapenzi wangepanda treni. Raj anakataa. Anasema hamchukui Simran mpaka baba mwenyewe amtoe kwa mkono wake. Mtu wa Dar anaangalia hii anasema sasa mshenga yuko wapi, kijana anaposa mwenyewe tena kwa kuingia kwenye nyumba ya watu kama mgeni, anabembeleza bibi, anabembeleza shangazi, anajizoesha mpaka kwa baba mwenyewe. Lakini tunamuelewa. Tunajua maana ya binti aliyetoroshwa, tunajua ndoa isiyo na radhi ya mzazi inavyosumbua miaka kumi baadae, kwahiyo uamuzi wa Raj unampandisha. Kitu kipya cha DDLJ ni hicho, steringi aliyekuwa na nafasi ya kukimbia na akabaki.

Ila rudi nyuma kwenye daftari ulipoandika Mere Khwabon Mein. Yule binti alikuwa na hamu yake. Sasa jiulize, kwenye huu mpango wote wa Raj kupata radhi, Simran anafanya nini? Anasubiri. Analia, anasubiri, anaambiwa kila kitu kitakuwa sawa. Yeye anataka kukimbia, mama yake anataka akimbie, wanawake wawili wenye akili timamu wamekubaliana, na kijana wa miezi miwili anasema hapana, hili ni jambo kati yangu na baba yako. Mwisho pale stesheni treni inaondoka, Raj yupo mlangoni, Simran anamlilia baba amuachie mkono, na baba ndio anamuachia anamwambia nenda ukaishi maisha yako. Inatoa machozi kila mara, mimi sitadanganya. Lakini angalia ni nani kaamua. Hata uhuru wake umetolewa kwa mkono uleule uliokuwa umeshika.

Kwahiyo usifanye kosa la kuweka nguvu upande huu na udhaifu upande ule kama hesabu ya duka. Kwenye DDLJ vinakaa kwenye sini moja, yaani tukio lile lile la picha. Kinachomfanya Raj awe muungwana ndicho kinachomfanya Simran awe mzigo unaokabidhiwa. Ukiweza kusema hilo na kulionyesha kwa sini, umeshawapita asilimia kubwa ya wanaobishana.

Na picha yenyewe inajua, hicho ndio kinanikera na kunifurahisha. Kuna sini mama anakaa na Simran anamwambia, nilipokuwa mdogo niliacha kila kitu kwa ajili ya kaka zangu na mume, ulipozaliwa nikajiapia wewe hutapitia haya, nikasahau kwamba mwanamke hana hata haki ya kuweka ahadi. Afu anamuomba amsahau kijana. Hakuna muziki mkubwa, hakuna kamera kuzunguka. Ndio sini bora iliyoandikwa kwenye picha nzima kwa maoni yangu, na baada ya kuisema, picha inarudi kwa wanaume kana kwamba hakuna aliyesikia. Ukitaka kupima mwandishi ana akili kiasi gani angalia sini za wanawake wakiwa wenyewe, hapo ndio utaona anajua nini na ameogopa nini.

Mengine nayapitia haraka. Raj wa nusu ya kwanza ni msumbufu, anavyomfanyia Simran kwenye treni leo hii kwenye mwendokasi wa Kimara angeshushwa na abiria. Picha inataka tucheke, na Shah Rukh anachekesha kweli, ikumbukwe mwaka 1993 alitoka kwenye Baazigar na Darr ambako alikuwa mtu hatari, ule uchizi anao bado, safari hii ameuweka kwenye utani. Lakini usimsamehe kwa sababu ya dimpozi. Ile asubuhi baada ya Simran kulewa ni mbaya zaidi, anamtania kwamba walilala pamoja, binti anaangua kilio, ndio anageuka serious anamwambia yeye ni Mhindi anajua heshima ya msichana wa Kihindi. Yaani heshima imepewa pasipoti. Dada zao Wazungu wa humo treni wao hawana?

Preeti, dada wa Kuljeet. Huyu ndio jeraha lililoachwa wazi. Raj anamchekea ili apate sababu ya kuwepo nyumbani, binti wa watu anaingia mzima mzima, wazee wanaanza kuongea ndoa, na picha inamsahau. Hakuna hata sini moja ya kumuomba radhi. Na ngumi za mwisho pale stesheni ni za kubandika, picha ilikuwa imeenda masaa matatu bila kuhitaji ngumi, ghafla watu na fimbo, damu, kama vile mtu alikumbuka kwamba kuna wateja wa viti vya mbele.

Kitu ambacho hutakiwi kukihesabu kama udhaifu: watu kuimba shambani, kubadilisha nguo mara nne kwenye wimbo mmoja, watu wa London kukutana tena kijijini Punjab kimiujiza. Hizo ni kanuni za mchezo, kulalamikia hizo ni kulalamika kwamba kwenye mpira watu hawashiki kwa mikono. Urefu nao hivyo hivyo, usiseme "ndefu" ukaishia hapo, sema wapi panachosha. Kwangu mimi panachosha katikati ya Punjab, Raj anaingia jikoni anatoka jikoni, utani wa shangazi na baba wa Raj (Anupam Kher) unarudiwa mpaka unaisha chumvi. Upande mwingine ile ya Karva Chauth haichoshi hata sekunde, wanawake wanafunga siku nzima kwa ajili ya waume, Simran anajifanya kuzimia ili maji ya kufungulia ayapate kwa mkono wa Raj na sio wa mchumba, na baadae inajulikana kumbe Raj nae hakula siku nzima. Sini hiyo inakuonyesha Simran akiwa na ujanja wake mwenyewe, na inakufanya uumie zaidi kwamba hawakumpa nafasi nyingi kama hizo.

Usitumie tuzo wala mapato kama hoja. DDLJ ilichukua Filmfare 10, na pale Maratha Mandir, Mumbai, ilifikisha wiki 1000 Desemba 2014 na ikaendelea kuonyeshwa. Hiyo inakuambia watu wanaipenda, haikuambii kwanini, na kazi yako wewe ni hiyo kwanini.

Ukija kuandika au kutuma voisi kwenye grupu la familia usitoe maksi kumi juu ya kumi. Sema kitu kimoja picha inachofanya vizuri kuliko zingine na utaje sini, sema kimoja kinachokusumbua na utaje sini, alafu sema nani aangalie na nani asiangalie. Mfano wangu huu hapa: "Baba amejengwa vizuri mpaka unamuelewa, wimbo wa hina ni fumbo la hali ya juu, ila Simran anageuka mtazamaji wa harusi yake mwenyewe na Preeti ameonewa. Angalia na mama yako, usiangalie na mtu uliyemtorosha." Jiandae, kuna shangazi atakujibu ndani ya dakika mbili kwamba Raj ndio mwanaume wa kweli hamna tena kama yule. Usibishane nae juu ya Raj. Muulize Preeti aliishia wapi.

Ukitaka kuendelea na mazoezi chukua Kuch Kuch Hota Hai ya 1998, ekta wale wale wawili, muziki Jatin-Lalit tena, ila dairekta ni Karan Johar ambae kwenye DDLJ alikuwa msaidizi na akaigiza kama rafiki wa Raj. Anza na swali la nyimbo kama kawaida, alafu fuatilia Kajol anapendwa lini, akiwa na nywele fupi anamfunga jamaa kikapu, au akishavaa sari.